Mnajuana Wapi?

Sista alikuwa na mwendo wake. Asubuhi akitoka nyumba ya watumishi kwenda zahanati alipita katikati ya maduka, mkoba begani, na macho ameyaweka chini, hatua chache mbele ya viatu vyake, kama mtu aliyeangusha sindano. Ukimsalimia aliitika, lakini kwa sauti ya chini mno, na kabla hujamuuliza za nyumbani alikuwa ameshakupita. Asiyemsalimia hakusalimiwa. Wazee waliodai shikamoo zao walizipata za kunong'ona. Mmoja wao, fundi baiskeli, alikuwa akisema kwamba yeye salamu ya sista huisoma kwenye midomo, maana masikio yake hayajawahi kuipata hata siku moja.

Basi wakamwita Malkia. Mbele yake alikuwa Sista, kama walivyo wauguzi wengi. Akishageuza kisogo tu, Malkia. "Malkia kapita." "Malkia leo kavaa sweta." Watoto aliowapokea kwa mikono yake mwenyewe, waliouona uso wake kabla hawajauona wa mama zao, nao walilijua jina hilo mapema wakalitaja bila ubaya, wakidhani ndilo aliloitwa na wazazi wake.

Kilichowachoma watu zaidi ni kwamba ndani ya zahanati alikuwa mtu mwingine kabisa. Mle ndani alicheka, alitania, aliuliza habari za mbuzi na za mahindi, alimbembeleza mtoto kwa wimbo wa kutunga hapo hapo, tena wimbo mbaya. Mtu anatoka pale moyo mweupe. Kesho yake anakutana naye dukani, anatabasamu mpaka gego la mwisho, na Sista anampita kama anavyoupita mlingoti. Kumbe ni kicheko cha mshahara, wakasema. Anatuchekea kwa sababu analipwa.

Ukweli wake ulikuwa mfupi, na hakuwahi kumwambia mtu pale ila mmoja, ambaye tutafika kwake.

Alipohamia pale mara ya kwanza alikuwa msalimiaji hodari. Alisimama na kila mtu, akauliza za jana na za juzi. Siku moja dukani akamkuta mwalimu, kijana mpole aliyekuwa akija zahanati kumeza dawa za kifua kikuu. Alikuwa amebakiza kidogo tu kumaliza, na muda mrefu alikuwa hana tena cha kumwambukiza mtu. Sista alikuwa ametoka kazini amechoka, ulimi wake bado uko wodini. Badala ya kusema, "Habari za leo, mwalimu," akasema, "Mwalimu, unaendeleaje?"

Ni neno moja tu. Lakini mtu mzima huulizwa habari. Anayeulizwa na nesi kwamba anaendeleaje ni mgonjwa. Mwenye duka akaacha kupima sukari. Mama mmoja akavuta ndoo yake upande wa pili. Mwalimu akajibu, "Salama," akalipa, akaondoka amesahau chenji. Haikuchukua muda wazazi wakaanza kuwahamisha watoto kutoka madawati ya mbele, na shule ilipofungwa mwalimu akaomba uhamisho. Alikuja kuaga zahanati kwa heshima zote, hakumlaumu Sista hata kidogo. Angemlaumu ingekuwa nafuu.

Baada ya hapo Sista alijaribu kuwasalimia wote kwa kipimo kimoja, neno lile lile, tabasamu lile lile. Ikashindikana. Yeye aliweza kusalimia sawasawa. Wao ndio hawakuweza kuitikia sawasawa. Asiye na siri aliitika kwa kelele. Mwenye siri alishtuka, akateremsha sauti, akaangaza nani anatazama, na anayetazama siku zote alikuwepo. Kisha likafuata swali ambalo mtu huliuliza huku akifunga kamba za viatu, kama halina maana yoyote: "Kwani nyie mnajuana wapi?" Swali hilo lilishavunja nyumba za watu. Mgonjwa hakuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa moja tu, hospitali, na likishatoka hilo yanafuata mengine: hospitali unaumwa nini, tangu lini, nani kakupa.

Akakata shauri. Nje ya zahanati hamjui mtu yeyote. Akiwanyima salamu wote, hakuna atakayetambulika kwa kusalimiwa. Alijua watamwonaje, na mwanzoni ilimuuma sana. Baadaye iliendelea kumuuma, ila akaacha kushangaa.

Dada yake aliyekuwa mjini hakumwelewa. Kila akipiga simu alimkemea. "Huko huna ndugu, huna rafiki, hata wa kukuazima chumvi huna. Unang'ang'ania nini?" Sista alikosa namna ya kumweleza. Angesema nini? Kwamba alijua kikohozi cha kila mtu, na usiku wa msiba au asubuhi ya sherehe angeweza kusikia kifua kimoja kati ya vingi akajua kimebadilika? Kwamba mama aliyekuja kujifungua hakuhitaji kumweleza habari za mimba zilizotangulia, kwa kuwa zote zilipita mikononi mwake? Kulikuwa na mzee aliyekubali kufungwa kidonda na yeye tu. Kulikuwa na msichana aliyetoka mbali kwa miguu, akipita zahanati nyingine njiani, kwa sababu alisikia kwamba huyu wa hapa ana maringo lakini hana mdomo. Siku Sista aliposikia hilo alikwenda stoo akakaa juu ya boksi la glavu, akalia kwa furaha. Hakuna mshahara uliowahi kumfanya hivyo.

Sasa yule mmoja. Alikuwa fundi cherehani, na banda lake lilitazamana na nyumba ya watumishi, barabara tu katikati. Fundi alikuwa ameolewa pale kutoka mbali. Alikuwa na mabinti wawili: wa kwanza alimzalia kwao, na wa pili alitolewa kwa upasuaji katika hospitali kubwa ya mjini, baada ya yeye mwenyewe kuponea chupuchupu. Daktari alimwambia mumewe waziwazi kwamba kizazi kile kimeshonwa kama gunia kuukuu, kisipewe mzigo mwingine. Mume aliitikia kwa heshima, akarudi nyumbani, akaenda zake kazini mbali, akirudi kila mwisho wa mwezi, na maneno ya daktari yakaishia kwenye mfuko wa suruali yake.

Nyumbani palikuwa na mama yake. Huyu mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Aliwaogesha wajukuu, akawabeba mgongoni, na siku za chanjo aliwapeleka zahanati yeye mwenyewe ili mguu wa mkwewe usitoke kwenye cherehani, maana cherehani ile ndiyo iliyolisha nyumba. Lakini alitaka mjukuu wa kiume wa kubeba jina la marehemu mumewe, na kila mwezi aliikagua kamba ya kuanikia nguo kuona kama vitambaa vya siku zile vimeanikwa. Vikiwepo, hasemi kitu siku nzima. Jioni anasema na kuku: kama shamba hili limechoka, mwanangu atatafuta lingine.

Kwa hiyo Fundi, akienda kununua nyuzi, mara moja kila baada ya miezi kadhaa alikatiza nyuma ya zahanati na kuingia kwa mlango wa uani. Nyuma ya pazia alichomwa sindano ya kupanga uzazi, na nyuma ya pazia lile, katika dakika za kupakwa spiriti na kubonyezwa pamba, watu hawa wawili walikuwa marafiki. Sista alikuwa na umri wa kumzaa, lakini walitaniana kama mtu na wifi yake.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Unaendeleaje?" Sista alilitamka kwa kuvuta, kwa sababu alishamsimulia habari ya mwalimu, na kuanzia siku hiyo lilikuwa neno lao.

"Naendelea, ila wewe huendelei. Yule fundi wako wa huko unakokwenda anakuharibia mabega. Kila nikikuona unapita natamani nikukimbize na mkasi."

"Usithubutu."

"Bega moja liko juu, sista. Linatangulia kufika kazini!"

Walicheka wameziba midomo. Kweli, sare zake Sista alizipeleka kushonwa mbali, kwa basi, wakati cherehani iko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Kijiji kizima kililijua hilo na kiliona ni dharau ya wazi. Fundi peke yake ndiye aliyejua kwamba ni heshima, ili wasije wakaonekana wamezoeana. Wakishamaliza, Sista alifunua pazia akachungulia uani, Fundi akatoka na nyuzi zake, na kesho yake walipitana barabarani kama watu wasiowahi kuonana.

Mambo yaliharibika kwa msiba. Kaka mkubwa wa mwenyekiti wa kijiji alifariki, mzee wa watu, aliyekuwa akija zahanati muda mrefu kwa ugonjwa ambao hakutaka hata mkewe aujue. Alimwapisha Sista akiwa amemshika kifundo cha mkono. Sista alimwuguza, akamsafisha, akamdanganya kwa maneno matamu pale maneno ya kweli yalipokuwa hayana kazi tena. Siku ya kuzika alisimama karibu na ua, mbali na watu, uso mkavu. Alijua akikaribia jeneza atalia, na akilia kwa uchungu alionao, watu watauliza ni uchungu wa nini, huyu si ndugu, walijuana wapi. Udongo ulipoanza kutupwa akaondoka. Mjane hakupewa mkono wa pole.

Hapo mwenyekiti hakuweza kuvumilia. Maringo ya barabarani watu waliyazoea, lakini maringo ya makaburini yalikuwa hayajawahi kuonekana. Akaandika wilayani, na wilayani wakamtuma ofisa wa afya aje asikilize wananchi. Mkutano ukapangwa kufanyika darasani, siku ya mapumziko.

Siku moja kabla, Fundi aliingia kwa mlango wa uani, na siku ya sindano yake ilikuwa bado haijafika.

"Kesho nitasema," alisema hata kabla ya shikamoo.

"Utasema nini?"

"Kwamba wanakuonea. Nitawaeleza kwa nini husalimii."

"Ukiwaeleza watakuuliza umejuaje."

Nje mtu alikuwa akipiga bomba la maji, na lilikuwa likikoroma bila kutoa kitu.

"Mama mkwe wako atakuwepo?" aliuliza Sista.

"Atakosaje? Ameshafua kitenge cha kuvaa."

"Basi kaa kimya. Nikiondoka hapa nitaumia, sikufichi. Nimezeekea hapa. Lakini nitakwenda kufanya kazi mahali pengine. Wewe ukifukuzwa unakwenda wapi? Na ukibaki, ukakubali kubeba mimba kuwaridhisha, unajua utakwenda wapi." Akamshika mabega, akamgeuza, akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni. "Nenda kashone."

Darasa lilijaa. Watu wazima walikalia madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, na ofisa akakaa kwenye meza ya mwalimu, mtu mwenye haraka lakini mwenye adabu. Sista alipewa kiti upande mmoja, mbele ya ubao, akawatazama watu wake wote kwa pamoja kwa mara ya kwanza, kwani hapakuwa na pa kuyapeleka macho. Aliwaona kama alivyowajua. Yule kovu. Yule presha. Yule mapacha, mmoja alitangulia miguu.

Mwenyekiti alieleza habari ya msiba, na sauti yake ilitetemeka kwa haki kabisa. Fundi baiskeli akasimulia shikamoo zisizosikika, watu wakacheka. Kisha akasimama muuza nyama, mtu wa sauti nene, mwenye mdomo usio na breki.

"Mheshimiwa ofisa, mimi kwa kweli namshukuru Mungu sijawahi kukanyaga ile zahanati. Afya yangu ni chuma! Lakini nasema kwa niaba ya wanyonge. Yule mama anatudharau. Nyama yangu ananunua kwa kunyoosha kidole, kama bubu!"

Sista alimtazama. Muuza nyama alikuwa amewahi kuingia kwa mlango wa uani, kofia imeshuka mpaka puani, akatembea kama mtu aliyekalia moto, na akalia machozi kwa sindano mbili za maradhi ambayo wanaume hawayataji mbele ya wake zao. Alirudi baadaye, mara ya pili, kwa maradhi yale yale. Sista akashusha macho yake kwenye viatu. Alisikia kicheko kikimpanda kifuani, akakimeza, kikashuka kikiwa kizito kama jiwe.

"Hata nguo zake anashonea mbali," ilisikika sauti ya mwanamke nyuma. "Na fundi tunaye hapa hapa!"

"Dada," ofisa alimgeukia Sista, "wanachosema wananchi ni jambo dogo. Hawasemi unaiba dawa. Hawasemi unachelewa. Wanasema huwasalimii. Una sababu?"

Sababu alikuwa nayo, imekaa imejaa darasa zima, imevaa vizuri. Lakini angeitaja vipi? Angesema nawaficha nyie wagonjwa, kila mmoja angemtazama jirani yake na kuuliza ni nani. Angefungua mlango alioushikilia kwa mgongo miaka yote hiyo.

"Sina," alisema.

Minong'ono ikapanda. Ofisa akapumua, akawageukia watu. "Yupo anayetaka kumtetea?"

Watu wengi mle ndani walijikuta wanachunguza kucha zao. Sista aliwaona, na hakuwalaumu. Kila mtu alikuwa na jirani pembeni. Kisha dawati moja likagonga sakafu. Fundi alikuwa amesimama, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni.

"Mimi ninamjua Sista," alisema. "Sista si mtu wa maringo. Mimi ninamjua vizuri."

Mama mkwe wake, aliyekaa dawati lile lile na mjukuu mapajani, aligeuka akamtazama kutoka miguuni mpaka kichwani. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa mshangao, tena kwa sauti iliyofika kila kona: "Wewe? Unamjua? Nyie mnajuana wapi?"

Fundi alifungua mdomo. Sista aliona jibu linakuja, akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Hanijui," alisema Sista. "Huyu anataka kusema ananijua kwa sababu siku moja alinifuata kuniomba nimpe sare nimshonee... anishonee. Nikamfukuza. Nilimwambia mimi sivai nguo za kushonwa vibarazani. Kama ananitetea ni kwa wema wake tu, au anatafuta kazi. Msimsikilize."

Darasa likalipuka. Hata waliokuwa wakimhurumia waliacha hapo hapo. Mama mkwe alimkabidhi mtoto kwa mtu wa pembeni, akasimama.

"Vibarazani? Umwambie hivyo mkwe wangu?" alisema. "Huyu anayelisha nyumba yangu kwa mguu wake? Huyu ambaye tangu aje kwangu sijawahi kulala na njaa? Mikono yake ina thamani kuliko hiyo yako inayochoma watu! Ondoka! Nenda kaishi na malkia wenzako!"

Fundi alikuwa bado amesimama. Alikuwa hajawahi kusikia maneno hayo kutoka kwa mama mkwe wake, ya sifa, na yalimfikia siku ambayo hakuweza kuyafurahia. Alimtazama Sista, na Sista akamtazama kwa jicho kavu la barabarani, mpaka akaketi.

Ofisa hakuwa na zaidi ya kuuliza. Uhamisho ukatoka.

Muuguzi mpya alikuwa binti mchangamfu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka mlima wa pili. Siku ya kukabidhiana alifika ameshasalimia maduka yote, na watu walishaanza kumsifu. Sista alimwonyesha friji ya chanjo, akamwonyesha koki inayovuja na namna ya kuifunga kwa kitambaa, kisha akamtambulisha kwa upole kwa yule mzee wa kidonda. Mwisho wakasimama kwenye mlango wa uani.

"Wanaoingia huku," Sista alisema, "ukikutana nao nje usiwasalimie. Na kwa kuwa huwezi kuwabagua hao peke yao, usimsalimie mtu."

Binti alicheka, kisha akaona kwamba si utani. "Lakini sista, si nitaonekana nina maringo?"

"Ndiyo."

Binti akaangalia njia ya uani, iliyopita nyuma ya vyoo na migomba. Sista hakujua kama ameeleweka, na hiyo ndiyo hofu aliyoondoka nayo, kubwa kuliko aibu ya mkutano.

Asubuhi ya kuondoka, gari la wilayani liliegeshwa mbele ya nyumba ya watumishi. Mizigo yake ilikuwa haba: godoro, masufuria, jiko, masanduku. Dereva alipakia mwenyewe. Watu walikaa vibarazani wakitazama, wala hawakuzomea. Walikuwa wamepata walichotaka na hawakujua wakifanye nini. Fundi baiskeli alikuwa amepindua baiskeli ya mtu miguu juu. Muuza nyama alinoa kisu chake. Kwenye banda lililo mbele, cherehani ilikuwa ikilia mfululizo.

Sista alifunga mlango, akatia ufunguo katika mkono wa dereva, akaelekea garini, macho chini.

Cherehani ikanyamaza.

"Sista!"

Hakuinua uso. Mguu wake ulikuwa tayari juu ya ngazi ya gari.

"Sista, nakuita wewe." Fundi alikuwa ameshavuka barabara, vumbi la chaki ya kuchoria nguo mikononi, utepe shingoni. Alisimama mahali ambapo kila kibaraza kilimwona. "Shikamoo."

"Rudi," alinong'ona Sista. "Rudi kazini kwako, mwanangu."

"Sirudi. Unaendeleaje?"

Neno lile, hadharani, mchana kweupe. Mlangoni kwa Fundi alitokea mama mkwe, mjukuu mdogo mgongoni, mikono ina povu la sabuni.

"Ebo!" alisema mama mkwe. "Si huyu aliyekutukana mbele ya watu? Mbona unamfuata? Nyie mnajuana wapi?"

Fundi aligeuka. Alikuwa amekonda uso tangu siku ya mkutano.

"Hospitali, mama. Tunajuana hospitali."

"Hospitali gani, na wewe huumwi?"

"Nachomwa sindano ya kuzuia mimba. Yeye ndiye anayenichoma. Hajawahi kunitukana, mama. Siku ile alikuwa ananificha. Amenificha miaka yote, na hawa wote amewaficha." Hakuonyesha kidole kwa yeyote. Hata hivyo kisu cha muuza nyama kiliacha kunolewa. "Nikizaa tena nitakufa. Mwanao aliambiwa na daktari, hakukwambia. Nitakueleza yote, tukae ndani, useme utakalosema. Lakini subiri kwanza, mama. Nimsalimie mwenzangu."

Mama mkwe alibaki pale pale, povu likimdondoka vidoleni. Mtoto mgongoni alikuwa akivuta kilemba chake, naye hakumzuia.

Fundi akamgeukia Sista tena, akanyoosha mkono, akaanza upya, kama mtu anayefumua mshono mbaya ili aushone vizuri.

"Shikamoo, Sista."

Sista alishusha mguu kutoka kwenye gari. Aliinua macho, akayaona maduka, akaona mabati, akamwona fundi baiskeli kaegemea gurudumu, akaona nyuso zile zote alizozijua kwa ndani. Kisha akaushika ule mkono wenye chaki kwa mikono yake miwili.

"Marahaba," aliitika, na upande wa pili wa barabara fundi baiskeli aliisikia.